Bustani Sita na Mvua ya Alhamisi

3 Aprili

Mdogo wangu,

Kabla ya lolote, nakusalimu. Huku tuko wazima, wakubwa kwa wadogo, isipokuwa goti langu la kulia ambalo siku hizi halipatani na ngazi. Mpwa wako amemaliza masomo ya ukarani na amerudi kukaa nami. Anasema ni kwa muda tu, lakini amekwisha hamisha kabati zangu zote, kwa hiyo najua muda wenyewe ni mrefu. Mjomba wetu bado yupo, na bado anagombana na jirani yake juu ya ule mfereji. Kitalu kinakwenda. Mwaka huu nina miche elfu nne kwenye viriba, nusu ya matunda, nusu ya maua.

Najua utashangaa kupata barua. Ningeweza kupiga simu, lakini sisi wawili kwenye simu hatumalizi dakika tatu bila kukatana maneno. Kwenye karatasi angalau mtu anamaliza sentensi yake.

Neno lenyewe ni hili. Umoja wetu wa wenye vitalu umeandaa safari ya kutembelea bustani za nje, siku tisa, bustani sita, nami nimejiandikisha. Usicheke. Mwezi wa Juni tutakuwa katika nchi hiyo unayoishi. Alhamisi, tarehe 16, tutashinda kwenye ile bustani kubwa yenye banda la vioo. Nimeuliza, nikaambiwa kutoka mjini kwako ni mwendo wa saa nne kwa treni. Mbele ya banda hilo pana kibanda cha mbao cha kupumzikia, kimo kwenye ramani waliyotugawia. Nitakuwa hapo kuanzia saa nne asubuhi. Nitafunga kilemba cha kijani, kile alichoniachia mama.

Njoo. Ni miaka kumi na moja sasa. Usiniulize kwa nini iwe mwaka huu na si mwaka jana au mwakani. Njoo tu.

Dada yako


30 Aprili

Dada, shikamoo.

Barua yako imenifikia imelowa kona moja, lakini inasomeka. Nashukuru kusikia mko wazima. Mpe mpwa wangu hongera, na goti lako lipe pole. Mimi sijambo. Bado ni fundi wa lifti, na sasa nimepewa majengo tisa ya kutunza. Jana nilishinda ndani ya shimo la lifti la jengo la ghorofa kumi na nne nikitafuta mlio ambao wapangaji wote wanausikia isipokuwa mimi. Nilipotoka, mama mmoja wa ghorofa ya sita akaniambia huenda masikio yangu ndiyo yanayohitaji fundi.

Nitakuja. Msimamizi hakutaka kunipa ruhusa, kwa hiyo nimebadilishana na mwenzangu; nitamfanyia Jumapili mbili. Sina haja ya kukutumia picha, wala usinitumie yako. Hata mbuzi wa zizi moja hutambuana, sembuse sisi.

Ila nikuambie mapema: sitaki tuzungumze habari ya jinsi nilivyoondoka. Tuangalie maua.

Mdogo wako


4 Julai

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa sababu mama alitufundisha hivyo. Huku wote wazima. Mpwa wako ameajiriwa ofisi ya maji. Mjomba ameshinda kesi ya mfereji, na sasa kwa kuwa hana wa kugombana naye anakuja kwangu kila siku kunywa chai na kukosoa mpangilio wa viriba. Habari zimekwisha. Sasa nisikilize mimi.

Katika siku tisa mvua ilinyesha siku moja tu, na siku hiyo ilikuwa yangu.

Tulikuwa watu ishirini na wawili. Kiongozi wetu tulimpa jina la Bwana Ratiba, kwa sababu alikuwa amejitundika karatasi ya ratiba shingoni ndani ya plastiki, na hata ukiomba kwenda msalani anakutajia dakika zako. Chumbani nililala na mwalimu mmoja mstaafu, mtu mwema, ila anakoroma kama anayeburuta kabati. Alhamisi hiyo nilikuwa macho tangu alfajiri. Nikafunga kilemba, nikakifungua, nikakifunga tena. Mwalimu akaniuliza kama ninakwenda kuposwa.

Mvua ilianza kabla basi halijaondoka hotelini. Haikuwa mvua ya kuja kwa kishindo, ikamwaga yake, ikaenda zake. Hii ilikuwa mvua ya kinyongo, nyembamba, baridi, isiyo na haraka na mtu. Tulipofika, nusu ya wenzangu walikataa kushuka. Watu waliokuja kutoka mbali kuona bustani walikaa ndani ya basi wakila biskuti na kulaumu mawingu. Bwana Ratiba akagawa makoti ya mvua ya plastiki; watu ni ishirini na wawili, makoti kumi na tano. Mimi nikapewa mfuko wa takataka uliotobolewa tundu la kichwa. Nikauvaa. Ningevaa hata ndoo.

Tukapewa na vidude vya masikioni ili tumsikie mtembezaji wa bustani. Changu kilikuwa kibovu. Nilisikia, "Mti huu ulipandwa na..." kisha mlio, kisha, "...akafa papo hapo." Mpaka leo sijui aliyekufa ni nani. Nikakirudisha kidude chao, nikamwambia Bwana Ratiba mimi nina miadi, nikaenda kwenye kibanda.

Nilisimama saa tatu nzima, mdogo wangu. Sakafu ilikuwa ya mbao, maji yakipita chini yake kama mfereji wa Mjomba. Kila mlango wa banda la vioo ulipofunguliwa, ilinijia pumzi ya moto yenye harufu ya yasmini na udongo uliomwagiliwa, kisha ukafungwa nikabaki na baridi yangu. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Watu walikuja kujikinga, wakaondoka. Mmoja alinisimamia ubavuni akichuruzika maji kama paa bovu, hasemi, haendi, mpaka nikahamisha mkoba wangu. Mwalimu akanifuata kuniambia huko ndani kuna jani linaelea majini, pana kiasi cha kumbeba mtoto, twende nikalione. Nikakataa. Niliogopa ukija usinikute. Nimekwenda safari yote hiyo, na banda la vioo nimelijua kwa harufu.

Saa saba kamili Bwana Ratiba akaja. Nilimwomba nusu saa. Akatazama plastiki yake, akasema ratiba hairuhusu, tunatakiwa kwenda kwenye duka la vikombe. Duka la vikombe! Nikapanda basi na viatu vilivyojaa maji. Sikulia. Uliweke hilo akilini.

Kama hukutaka kuja ungesema. Treni ilikwama? Sema. Uliugua? Sema. Mke wako alikataa? Hata kama una mke mimi sijui. Unanifanya nisimame kama mwanamwali aliyedanganywa, na umri huu, ndani ya mfuko wa takataka. Nataka jibu.

Dada yako


21 Agosti

Dada,

Barua yako nimeipata. Nashukuru kuwa nyote wazima. Hongera kwa mpwa wangu kupata kazi. Huku joto limepanda na lifti nazo zinapata homa. Wiki hii nimewatoa watu watatu waliokwama, mmoja akiwa na jokofu jipya ambalo alikataa kuliacha.

Kuhusu siku ile, wewe unajua zaidi yangu. Umeisimulia vizuri. Habari ya paa bovu nimeisoma mara nyingi.

Nawatakia afya.

Mdogo wako


15 Septemba

Mdogo wangu,

Hata shikamoo umeiacha. Haya. Mkubwa ni jalala, kila kitu hutupiwa yeye.

Huku hatujambo. Miche ya matunda imekauka ncha, na mpwa wako anasema nimeimwagilia mara mbili safu moja na kuisahau nyingine. Nimemwambia aende akahesabu mita zake za maji. Mjomba ana kikohozi.

Sasa nieleze. Ninajua zaidi nini? Nimekuuliza swali la mtu mzima, umenijibu jokofu. Nimeirudia barua yangu kichwani neno kwa neno, sikuona kosa ndani yake zaidi ya hasira, na hasira nilikuwa na haki nayo. Paa bovu limekukosea nini? Ni jamaa yako?

Kama una jambo, litoe. Kimya kingi kina mshindo, nami nimechoka kuusubiri.

Dada yako


12 Oktoba

Dada, shikamoo.

Nawasalimu wote. Mjomba apewe asali kwa kikohozi hicho. Barua hii nimeiandika mara tatu na mara mbili nimeichana. Sasa naituma kama ilivyo.

Nilikuja.

Treni ilisimama porini kwa sababu ya maji kwenye reli. Niliingia langoni saa tano na robo badala ya saa nne, nikakimbia njia nzima. Nikakiona kibanda, nikakuona na wewe. Ulisema kilemba cha kijani, nawe ulikuwa umefunga cha bluu, lakini ningekujua hata ungefunga gunia. Hakuna mtu mwingine duniani anayeushika mkoba kwa mikono miwili kama anayeshika usukani wa lori. Ulikuwa umevaa mfuko wa takataka. Kicheko kilinijia, na machozi yakaja pamoja nacho.

Niliingia, nikasimama hatua mbili kutoka kwako, upande wa kulia. Kwenye treni nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri kama spana kwenye sanduku. Hapo halikubaki hata moja. Nikasema moyoni, ngoja ageuke, akishaniona mengine yatafuata. Ukageuka. Ulinitazama usoni, Dada. Hukupitisha macho tu. Ulinikazia macho kiasi mtu angehesabu hadi tano. Kisha ukauhamisha mkoba kutoka upande wangu, ukaupeleka upande wa pili, kama afanyavyo mtu aliyesimama na mwizi.

Yule aliyechuruzika kama paa bovu alikuwa mimi.

Unakumbuka ulichoniambia asubuhi ile ninaondoka? Ulikuwa umeshika mpira wa kumwagilia, maji yakakumwagikia miguuni na hukuyafunga. Ulisema, "Nenda. Siku tukikutana njiani nitakupita kama ninavyoipita nguzo ya umeme." Miaka kumi na moja nimejiambia yale yalikuwa maneno ya hasira. Nilipoona mkoba unahama, nikajua ulikuwa umeweka ahadi, na leo umeitimiza. Umesafiri kutoka huko mpaka huku kuja kuitimiza.

Nikatoka kibandani, nikarudi mvuani. Nikasimama nyuma ya ua wa miti iliyopunguzwa sawasawa, nikakuangalia mpaka saa saba. Nilidhani unasubiri niondoke ndipo uende kuangalia maua yako. Akaja yule bwana mwenye plastiki shingoni, mkaondoka. Nami nikapanda treni ya saa nane.

Kisha barua yako ikaja, na ndani yake nikakuta ninasimuliwa mimi mwenyewe kwa mzaha. Ungenitukana ningevumilia. Hilo la kuniita paa, kisha kuniuliza kwa nini sikuja, limenishinda.

Mdogo wako


8 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu. Mjomba amepona. Mengine ni yaleyale.

Nimekusoma. Nijibu hili kwanza: tangu lini mkubwa akamwamkia mdogo? Umesimama ubavuni kwa dada yako, mtu aliyekubeba mgongoni, ukangoja yeye aanze. Ungesema shikamoo, neno moja tu, sauti yako ningeijua hata kwenye mashine ya kusaga. Hukusema. Ukajificha nyuma ya miti kama mdaiwa, ukarudi kwako kuninunia miezi minne.

Bila shaka ulikuwa na kofia ya koti mpaka kwenye nyusi. Una ndevu? Hukuniambia kama una ndevu. Miwani yangu ilikuwa na ukungu. Kulikuwa na giza la mvua. Mtu yeyote angekosea.

Hayo ya nguzo siyakumbuki. Kama niliyasema, niliyasema nikiwa na miche elfu sita mkononi, nawe, mwenzangu wa kazi kitaluni, umeniaga siku saba tu kabla ya kuondoka, kama anayekwenda sokoni. Ulisema tusizungumze habari ya ulivyoondoka. Umeizungumza wewe.

Basi yaishe. Tumekosana, tumelowa, imetosha.

Na kilemba kilikuwa cha kijani. Usinifundishe kilemba changu.

Dada yako


4 Desemba

Dada, shikamoo. Shikamoo tena, ya ile siku.

Kuhusu kuamkia una haki, sina la kujitetea. Nilipofika hapo kwenye barua yako niliona aibu, nikaifunga. Nilipoifungua tena nikafika kwenye kilemba, na hapo ndipo nilipokaa mpaka leo.

Kilikuwa cha bluu. Cha kijani alikuachia mama. Hiki cha bluu nilikununulia mimi kwa mshahara wangu wa kwanza wa kibarua, nikakuletea kwenye gazeti, ukasema nimepunjwa. Siwezi kukikosea.

Nimezitoa barua zako zote nikazipanga mezani, kama ninavyozipanga ripoti za lifti inayosumbua bila sababu. Mistari ya Aprili inapanda kidogo kuelekea kulia. Ya Julai inagusana. Ya Novemba kuna mahali umeandika mstari juu ya mstari, ikabidi niisome dirishani. Bahasha zote zimeandikwa na mkono mwingine, nadhani wa mpwa wangu. Unamwagilia safu moja mara mbili. Na barua ndefu ile ya bustani, Dada, ina harufu, ina baridi, ina milio, lakini haina rangi hata moja. Wewe uliyekuwa ukinigombeza nikisema waridi ni jekundu, ukiniambia nitazame vizuri, hilo si jekundu, ni rangi ya ngozi ya komamanga. Umezunguka bustani sita, na rangi hukuitaja.

Sikuulizi kuhusu mkoba tena. Nakuuliza jambo moja, nami nataka jibu la mtu mzima kama ulivyonitaka mimi.

Unaona?

Mdogo wako


9 Januari

Mdogo wangu,

Mwandiko huu ni wa mpwa wako, maneno ni yangu. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze. Ameahidi, ingawa ni karani na makarani wanapenda kurekebisha.

Salamu zako zimefika. Tuko wazima, kama mtu haulizi macho.

Jibu ni kidogo. Naona kidogo, na kila mwezi kidogo hicho kinapungua. Daktari anaiita presha ya macho. Haiumi, ndiyo maana nilichelewa. Ugonjwa unaouma una adabu, unabisha hodi. Nina matone matatu ya kutia asubuhi na jioni, na yananichoma kama vitunguu. Daktari alinieleza kuwa kilichopotea hakirudi, tunalinda kilichobaki. Natazama kama mtu aliyeweka jicho kwenye bomba la maji. Kilicho mbele ya bomba, kikiwa karibu na pana mwanga, nakiona. Cha pembeni hakipo. Cha gizani hakipo.

Siku ile nilisikia maji yanachuruzika kulia kwangu. Nikageuka. Nikaona kitu cheusi, kirefu, kimetulia. Ulidhani ninakukazia macho. Nilikuwa najaribu kujua kama ni mtu au ni nguzo. Cheka ukitaka, mimi nimeshindwa. Ndipo nikasikia kitu kinapumua, nikaogopa, nikahamisha mkoba.

Kilemba nilikitoa kabatini kwa kupapasa. Mpwa wako amenithibitishia juzi kuwa ni cha bluu. Mwalimu, chumba kimoja siku tisa, hakuniambia lolote kwa sababu sikumwuliza. Sikumwuliza mtu yeyote kitu chochote siku tisa, ili wasijue. Nilikuwa nashika nyuma ya koti la aliye mbele yangu na kujifanya nina mzaha.

Daktari ndiye aliyesema, mwaka jana mwezi wa pili, kwamba kama kuna kitu ninachotaka kukiona nisikicheleweshe. Nikasikia habari ya safari, nikajiandikisha siku hiyohiyo. Wenzangu walidhani ni kwa ajili ya maua. Maua ninayo elfu mbili uani. Nilikwenda kuuona uso wako kabla bomba halijaziba, na nimeuona, nisijue kuwa ndio ninaouona. Hilo ndilo linalonikera. Si mvua, si Bwana Ratiba, si duka la vikombe. Nimekwenda mpaka mwisho wa dunia, nimesimama hatua mbili kutoka kwenye kile nilichokifuata, nikakiogopa kama mwizi.

Sikukuambia kwa sababu wanunuzi wakijua watanichagulia mimi bei na miche. Mjomba akijua atahamia. Nawe ungejua, ungekuja kwa huruma. Sikutaka huruma. Nilitaka uje kwa sababu nimekuita.

Na nina hasira nawe bado. Ya siku saba zile haijaisha, usidhani macho yameifuta. Ningekuwa na mtu wa kunisaidia hicho kitalu nisingelala saa chache miaka mitano mfululizo. Sasa umejua. Fanya utakavyo.

Dada yako

Mjomba, mimi mpwa wako. Niliahidi kutoongeza, sasa naongeza. Anahesabu hatua kutoka mlangoni mpaka kitaluni, ni hatua arobaini na tatu, na nikimkuta anahesabu anajifanya anaimba. Wanunuzi wanajua. Mwaka mzima sasa wanajua, na hakuna hata mmoja aliyempunja. Wanamsomea wenyewe vibao vya miche kana kwamba wanajisomea. Yeye hajui kuwa wanajua. Tafadhali usimwambie kwenye barua, maana mimi ndiye ninayemsomea na uso wangu hauwezi kudanganya.


2 Februari

Dada, shikamoo.

Mpwa wangu, msomee polepole, na usiruke popote. Ulichoongeza nimekipata.

Dada, nimekaa na barua yako siku nyingi. Nilikuwa na hasira ya kutosha mwaka mzima, sasa sijui niielekeze wapi. Nilipanda treni nikarudi nyumbani nikijihurumia, nawe ukapanda basi umeshika koti la mtu. Ningesema neno moja. Nalifikiria nikiwa kazini, ndani ya shimo la lifti, mpaka mwenzangu anauliza kama nimelala.

Kuhusu siku saba zile. Nilijua tangu miezi mitatu kabla kwamba naondoka. Nilishindwa kukuambia, kila siku nikasema kesho, mpaka zikabaki saba. Sina udhuru. Ukinigombeza nitakaa nisikilize mpaka uchoke.

Mke nilikuwa naye, miaka mitatu, tukaachana kwa heri. Sikukuandikia harusi kwa sababu nilikuwa nimenuna, na sikukuandikia kuachana kwa sababu sikuwa nimekuandikia harusi. Ndivyo tulivyo katika ukoo huu.

Sasa uso. Kwa kuwa uliufuata mbali na ukaukosa, nakuelezea, mpaka nitakapouleta wenyewe. Nywele hazipo, zilianza kuondoka mbele nikiwa na miaka thelathini, na zilizobaki nikazinyoa ili zisione upweke. Ndevu ninazo, fupi, nazipunguza kila Ijumaa, na upande wa kushoto zina mvi sehemu ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Pua ni ileile ya baba, ila imeongezeka kiwanja. Juu ya unyusi wa kulia nina kovu, mlango wa lifti ulinipiga, nikashonwa nyuzi nne. Nimenenepa shingo. Nikikasirika mdomo wa chini unatokeza kama wako, watu wa kazini wanaujua, wakiuona wananipa nafasi. Siku ile kibandani mdomo wangu ulikuwa umetokeza.

Nimeomba likizo ya wiki tatu. Najua ni chache, na najua utanisema kwa uchache wake. Ila sasa nasikia mnajenga ghorofa huko mpaka kwenye vichochoro, na kila ghorofa ina lifti, na kila lifti huharibika. Sijaahidi kitu. Nimeanza kuuliza tu.

Ndege inatua Jumamosi tarehe 11 Machi, saa mbili asubuhi. Usije uwanjani, kelele ni nyingi na mwanga ni mbaya. Kaa nyumbani, uweke kiti uani mahali penye jua. Nitakuamkia tangu barabarani ili ujue ninakuja. Nitapitia mbele, si pembeni, nisogee karibu kabisa, pale bomba lako linapofika. Hapo nitainama, nawe tazama. Anza popote unapotaka, kwenye pua au kwenye kovu, na kama miwani ina ukungu tutaifuta, uanze tena. Sitaondoka hapo mpaka uniambie imetosha.

Mdogo wako